Kisanduku cha "Hakuna"

Kuna fomu moja niliyoijaza mwaka 2016 ambayo mpaka leo hunikosesha raha. Haikuwa fomu yangu. Ilikuwa ya kikundi cha akina mama kumi na wawili wa kijijini kwetu, mwendo wa kama saa moja kwa pikipiki kutoka mjini Bariadi, na mweka hazina wa kikundi hicho alikuwa mama yangu mzazi. Mradi mmoja, ambao sitautaja jina, ulikuwa umetangaza kutoa vifaa kwa mkopo nafuu kwa vikundi vya wanawake vinavyoongeza thamani ya maziwa: mashine ya mkono ya kutenganisha malai, makopo ya alumini ya kubebea maziwa, jiko kubwa la kuni. Nilikuwa likizo. Akina mama wakaona hakuna sababu ya kuhangaika: mtoto wa mwenzao ana shahada ya uzamivu, basi na ajaze yeye.

Tuliketi chini ya mwarobaini. Sehemu ya tatu ya fomu iliuliza kikundi kinazalisha bidhaa gani za maziwa, na chini yake vilipangwa visanduku: yogati, jibini, siagi, aiskrimu, maziwa ya pakiti. Kisanduku cha mwisho kiliandikwa "hakuna".

"Hiyo jibini ni kitu gani, ng'wana wane?" mama aliniuliza.

Nikamwambia ni maziwa yaliyogandishwa yakawa magumu, Wazungu huyala na mkate. Wakacheka, tukaendelea. Yogati niliiruka, kwa kuwa kichwani mwangu neno hilo lilikuwa na picha ya vikopo vya dukani vyenye lebo. Siagi waliipata kila wiki, lakini hawakuiuza. Ilipita tu mikononi mwao ikielekea kuwa samli, na samli haikuwa na kisanduku. Aiskrimu na pakiti hatukuzijadili. Nikaweka alama ya vema kwenye "hakuna", nikaandika tarehe, akina mama wakasaini, wawili wakaweka dole gumba. Nilifanya kazi hiyo kwa uaminifu wote, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Baada ya miezi kadhaa lilikuja jibu kwamba kikundi hakikukidhi vigezo, kwa kuwa hakikuwa na uzoefu wa kusindika maziwa.

Naomba sasa nieleze walichokuwa wakikifanya watu hao wasio na uzoefu. Ng'ombe wetu wa asili, mwenye nundu, hatoi maziwa mengi. Akishanyonyesha ndama wake, anayekamua hupata lita moja au mbili, na katika miezi ya kiangazi, majani yanapokauka na malambo kubaki matope, hupata pungufu ya hapo. Maziwa hayo huwekwa kwenye kibuyu yakachachuka yenyewe. Kisha kibuyu hutikiswa, huku na huku, kwa muda mrefu, mpaka mtikisaji asikie kwa sikio kwamba sauti ya ndani imebadilika: siagi imejikusanya. Siagi hutolewa, huoshwa kwa maji baridi, hutiwa chunguni na kupikwa kwa moto mdogo. Anayepika hapaswi kuondoka, maana kati ya samli nzuri na samli iliyoungua kuna dakika chache tu. Povu likitulia na masimbi yakazama chini yakiwa na rangi ya kahawia, huepuliwa na kuchujwa. Samli hiyo hukaa miezi mingi bila jokofu. Mama anajua kuitambua ya mwezi uliopita na ya mwaka uliopita kwa harufu peke yake.

Hiyo ndiyo teknolojia ya kuhifadhi maziwa katika nchi ya joto, na si ya juzi. Enzi za ukoloni samli ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizouzwa kutoka Kanda ya Ziwa. Kazi hii ina hatua, ina vipimo, ina kufaulu na kuharibika. Nilikulia ndani yake, nikatumwa kutikisa kibuyu nikiwa mtoto mpaka mabega yakauma. Hata hivyo, nilipoletewa karatasi yenye maneno yaliyopangwa, niliiamini karatasi kuliko mabega yangu.

Tangu hapo neno jibini limekuwa likinifuata, nami nimekuwa nikilifuata. Nililikutana nalo mara ya kwanza nikiwa mtoto, kanisani. Katika Biblia ya Kiswahili, Daudi anapotumwa na baba yake kwenda vitani kuwaona kaka zake, miongoni mwa vitu anavyobebeshwa kuna jibini kumi kwa ajili ya akida wa elfu. Ayubu naye, anapomlalamikia Muumba wake, anajifananisha na maziwa yaliyogandishwa yakawa jibini. Mwalimu wetu wa watoto, mtu mwema sana, alitueleza kwamba jibini ni aina ya mkate. Tulimwamini. Kwa miaka mingi nilimwona Daudi akienda kwa Goliathi na mikate ya aina mbili.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, jubn, na lilifika kwetu kupitia pwani kama yalivyofika maneno mengine mengi ya biashara, dini na mezani. Kiarabu kina jambo la kufurahisha hapo, kwa sababu jubn ni jibini na pia ni woga. Kiswahili kilichukua chakula, woga kikauacha hukohuko. Wamalta, ambao lugha yao ina asili ya Kiarabu, nao husema ġobon, kwa hiyo Mmalta na Mswahili wa Lamu wanaweza kuelewana juu ya jambo hili moja hata kama hawaelewani juu ya jingine lolote.

Ulaya neno hili lina mito miwili mikubwa, na yote inatoka Kilatini. Mto wa kwanza ni caseus, na humo ndimo alimonywa Mwingereza aliyesema cheese, Mjerumani Käse, Mholanzi kaas, Mhispania queso na Mreno queijo. Mreno akapanda meli, akafika Asia ya Kusini Mashariki, na mpaka leo Mwindonesia huita jibini keju. Mto wa pili ni forma, yaani kalibu, chombo ambamo maziwa yaliyoganda hukandamizwa yakapata umbo. Mwitaliano akasema formaggio, Mfaransa akasema fromage. Mto wa kwanza ulishika kitu, wa pili ulishika chombo. Upande wa mashariki, kuanzia Uajemi hadi India, linatawala neno panir, ambalo Waturuki hulitamka peynir. Na panir ya Kihindi inayopikwa katika mikahawa ya Dar es Salaam na Zanzibar hugandishwa kwa limau au siki, bila kuhitaji kimeng'enya cha tumbo la ndama kinachotumika katika jibini nyingi za Ulaya.

Mito hii imefika Afrika Mashariki, na kila mmoja umefika na aliyeuleta. Kusini mwa Somalia alitawala Mwitaliano, na Kisomali kikapata neno farmaajo. Ndilo lakabu la Mohamed Abdullahi Mohamed, aliyekuwa Rais wa nchi hiyo kuanzia 2017 hadi 2022. Ulimwengu mzima ulimjua kama Farmaajo, na wengi hawakujua kwamba walikuwa wakimwita Jibini. Rwanda alikaa Mbelgiji aliyesema Kifaransa, na Kinyarwanda kina foromaje. Katika milima ya Masisi, juu ya Goma, jibini ya mtindo wa Gouda hutengenezwa katika mashamba ya ng'ombe tangu ilipoletwa na Wazungu, wakiwamo mapadri wa Kibelgiji. Na msemaji wa Kiswahili wa Goma, ambaye ana neno jibini katika kamusi ya lugha yake, akienda sokoni huomba fromage. Neno la kamusi lilipitia Zanzibar. Kitu chenyewe kilipitia Brussels.

Kwetu Tanzania nako ni hivyo hivyo. Jibini inatengenezwa Njombe, penye baridi na ng'ombe wa maziwa, kwa ujuzi ulioletwa na Waitaliano. Inatengenezwa Irente, Lushoto, katika shamba la Kanisa la Kilutheri. Hata hivyo, vijana wangu chuoni husema chizi, na papo hapo hucheka, kwa sababu chizi katika Kiswahili cha mtaani ni mtu aliyerukwa na akili. Mpiga picha huwaambia waseme chizi, nao hutabasamu kwa sababu mbili. Hivyo tuna neno la Kiarabu tunalolisoma, neno la Kiingereza tunalolitamka, na wengi wetu hatujawahi kuionja yenyewe.

Je, Kisukuma? Maziwa huitwa mabele, neno lenye mzizi mmoja na ibele, titi, kama ambavyo Kiswahili nacho huita ziwa na maziwa. Neno la jibini sikulikuta. Nilipokuwa kijana ningeona aibu kusema hivyo mbele ya wageni, kana kwamba lugha isiyo na neno hilo imepungukiwa na ustaarabu. Leo naona vingine. Nendeni sokoni Bariadi mwulize viazi vitamu vilivyokaushwa. Mtaulizwa: mnataka michembe au matobolwa? Michembe ni viazi vilivyokatwa vibichi na kuanikwa; matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa. Ladha ni mbili, mapishi ni mawili, muda wa kukaa ni tofauti. Kiswahili Sanifu hapo hulazimika kuunda sentensi nzima. Lugha huweka maneno yake pale mikono ya wenyewe inapofanya kazi, na Msukuma alipambana na njaa ya kiangazi kwa viazi.

Lakini jambo hili lina upande wa pili, na nililigundua Addis Ababa, miaka miwili baada ya ile fomu, nilipokwenda kwenye mkutano wa kitaaluma. Jioni tulipelekwa kula. Pembeni ya nyama yenye pilipili kali kuliwekwa kitu cheupe, laini, kinachomegeka, kisicho na chumvi. Nikaonja. Nilikijua. Nilishindwa kukumbuka nilikijulia wapi. Mwenyeji wetu akasema kinaitwa ayib. Nikamwuliza kinatengenezwaje, akanieleza jinsi mama yake alivyokuwa akifanya: maziwa huachwa yachachuke, hutikiswa, siagi hutolewa, maziwa yanayobaki hupashwa moto taratibu mpaka yajitenge, maji huchujwa, na kinachobaki ni ayib.

Niliweka tonge chini. Hatua zote zile, ukiondoa mbili za mwisho, zilikuwa za mama yangu. Na hata hizo mbili nilizijua kwa njia ya mkosi. Nyumbani kwetu, mtu akichemsha maziwa yaliyolala na yakajitenga yakawa mapande na maji, tulisema "yamekatika". Aliyeyachemsha aliona haya, na sisi watoto tulifurahi, kwa sababu mapande yale tuliruhusiwa kuyala. Ladha ile niliyoikuta Addis Ababa ilikuwa ladha ya maziwa yaliyokatika. Wahabeshi waliliona tukio lilelile, wakalirudia kwa makusudi, wakalipa jina, na likawa chakula cha mgeni. Sisi tuliliachia kitenzi, na kitenzi chenyewe ni cha kuharibikiwa.

Sina nia ya kuwalaumu wazee wetu. Walikuwa na sababu zao, nami naona zilikuwa nzuri. Maziwa yanayobaki baada ya kutoa siagi hayakuwa mabaki: ndiyo yaliyokuwa mboga ya ugali na kinywaji cha mchungaji. Samli ilikaa muda mrefu, ikasafiri, ikauzika. Kumchinja ndama anayenyonya ili kupata tumbo lake la kugandishia maziwa kungekuwa wazimu kwa watu ambao ng'ombe ndiye akiba, mahari na heshima yao. Ninalolisema ni kwamba jina ni aina ya uamuzi. Jambo likipewa jina, linaweza kufundishwa, kuuzwa, kuagizwa, kuandikwa kwenye fomu. Jambo lisilo na jina hubaki bahati, nzuri au mbaya, hata likitokea kila wiki.

Hapa ndipo ninapotaka ndugu zangu mlioko ofisini, na ninyi wanafunzi mtakaoingia huko kesho, mnisikilize. Nchi yetu ina Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004 na Bodi ya Maziwa iliyoundwa kwa sheria hiyo. Mkoa wetu wa Simiyu, tangu uzaliwe mwaka 2012, umejaribu kwa dhati kuifanya kila wilaya iwe na bidhaa yake: Maswa ikatoa chaki, Meatu ikatoa maziwa ya kiwandani. Nazipongeza juhudi hizo. Lakini kila ninapopitia nyaraka za kuongeza thamani, naona orodha ilelile ya yogati, jibini, siagi na aiskrimu, kana kwamba thamani ni kitu kinachowasili kikiwa kimeshapewa jina. Samli huonekana mara moja moja. Ujuzi wa kusikia kwa sikio kwamba siagi imejikusanya hauonekani kabisa. Mtaalamu mwenye fomu ya namna hiyo atarudi ofisini na taarifa iliyo sahihi kwa kila kisanduku, na ambayo kwa ujumla wake ni uongo. Nalijua hilo kwa sababu niliwahi kuiandika.

Mwaka 2019 maonesho ya Nane Nane kitaifa yalifanyika kwetu, katika viwanja vya Nyakabindi, kama mwaka uliotangulia. Nilimpeleka mama. Alitembea polepole, akasifu mtama, akayakosoa mabanda ya ng'ombe kwa ukali wa mtu anayejua. Katika banda moja la maziwa kijana alimpa kipande cha jibini ya manjano kilichochomwa na kijiti. Akakitafuna akiwa amefumba macho, akameza, akasema kwa Kisukuma kwamba haya ni maziwa yaliyokatika, ila aliyeyachemsha hakuona haya.

Nilicheka pamoja naye, kisha nikakosa usingizi. Kesho yake asubuhi, tukiwa jikoni, nilimwambia habari ya fomu. Hakuwa akijua. Miaka mitatu aliamini kwamba walinyimwa vifaa kwa sababu wakubwa walikuwa na vikundi vyao. Nikamweleza kwamba vilikuwapo visanduku, kwamba mimi ndiye niliyechagua "hakuna", na kwamba ningeweza kuandika pembeni: samli, mtindi, siagi, wanafanya kila wiki, wamefanya maisha yao yote. Wakati huo kikundi kilikuwa kimeshavunjika. Wawili walihamia Mwanza kwa watoto wao, mmoja alikuwa marehemu, waliobaki kila mmoja akauza samli yake kivyake kwenye chupa za soda, kwa bei anayotaka mnunuzi.

Alikaa kimya, akikoroga. Kisha akasema: "Ulituuliza kama tunatengeneza vya kwenye karatasi. Hukutuuliza tunatengeneza nini."

Sikuwa na la kujibu. Yeye hakuongeza neno. Aliniagiza nilete maziwa yaliyobaki kwenye kibuyu baada ya kutoa siagi, nimwoneshe wanachofanya hao Wahabeshi. Tuliyatia sufuriani, tukayapasha moto taratibu. Yalipojitenga, aliyachuja kwa kipande cha khanga safi, akakikamua, akanyunyiza chumvi kidogo. Mjukuu wake, aliyekuwa darasa la nne, akachungulia bakuli na kuuliza, "Bibi, hii inaitwaje?"

Mama akanitazama. Nilikuwa na majina kama kumi kichwani, ya Kiarabu, ya Kilatini, ya Kiamhari. Nikanyamaza.

"Kwanza tule," mama akamwambia. "Jina utalitafuta wewe."

Ndugu msomaji, kama unatunga dodoso juma hili, nina ombi moja dogo. Kabla ya visanduku vyako, acha mistari mitatu mitupu, na juu yake uandike: Elezeni, kwa lugha yenu, mnafanya nini na maziwa tangu asubuhi hadi jioni. Kisha umtume mtu atakayekaa chini ya mwarobaini mpaka mistari hiyo ijae.